Hita Inapuliza Baridi: Shika Paipu Mbili Kabla Hujanunua Chochote

“Hita na Mombasa, wapi na wapi?” Hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikimuuliza mwenye gari kama hita yake inafanya kazi. Halafu mtu huyohuyo anapanda Wundanyi mwezi wa Julai na watoto kiti cha nyuma, au anafika Limuru alfajiri, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Anazungusha kitufe mpaka mwisho wa alama nyekundu, na upepo unaotoka ni uleule wa nje.

Watoto watafunikwa leso, watafika. Kinachonitia wasiwasi ni injini. Hita haina moto wake yenyewe, inaazima joto la maji yanayopoza injini. Ikikosa joto, mara nyingi kuna kasoro kwenye maji hayo, na kasoro hiyo haitangoja ufike mlimani ndipo ikuchemshie gari.

Kosa ninaloliona kila mara ni kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Leo thamostati (valvu inayofungua njia ya rejeta injini ikipata joto), kesho pampu ya maji, keshokutwa dashibodi imeshushwa chini, na hita bado baridi. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeshika paipu mbili zinazoingia kwenye hita aone ipi ina joto na ipi haina. Kipimo hicho ni cha dakika moja. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kila moja inatayarisha inayofuata.

## Joto linafikaje kwako

Pampu husukuma kulanti, yaani maji hayo yanayopoza injini, ndani ya injini, nayo huchota joto. Sehemu ya kulanti hiyo hupita kwenye paipu ya mpira mpaka rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha hurudi kwa paipu ya pili. Feni ya ndani hupuliza hewa kwenye rejeta hiyo. Kando yake kuna kilango kinachoamua hewa ipite kwenye joto au ipite pembeni.

Kwa hivyo hita baridi ni moja kati ya mambo matatu: kulanti haina joto, au ina joto lakini haifiki, au imefika lakini hewa haipiti hapo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Glavu nene na kitambaa kizito
- Tochi
- Koleo la klampu na bisibisi
- Spana za kufungulia nyumba ya thamostati (aghlabu namba 10 au 12)
- Faneli, au chupa ya plastiki iliyokatwa kitako
- Beseni la kukingia kulanti
- Kulanti ya aina inayotakiwa na gari lako
- Maji ya distili, lita 5
- Kipimajoto, na sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena

Nunua maji ya distili yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, na usome kibandiko, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya kisima hapa kwetu yana chumvi. Yakiingia kwenye injini hula chuma na kuacha magamba, na njia nyembamba za rejeta ya hita ndizo huziba mwanzo.

Kuhusu kulanti, usiamini rangi peke yake. Nyekundu ya kampuni moja si lazima iwe sawa na nyekundu ya nyingine. Tazama aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Aina zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda na kuwa uji mzito.

Onyo. Usifungue kifuniko cha rejeta, ile kubwa ya mbele inayopoza kulanti, injini ikiwa na moto. Ndani kuna shinikizo, na maji yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza kifuniko yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Ujue pia kwamba feni ya rejeta ya umeme inaweza kuzunguka hata gari likiwa limezimwa.

Kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Usiiache kwenye beseni wazi uani. Mtoto ataigusa, na paka wetu wanakunywa chochote wakutacho.

Kama gari lako ni haibridi, yaani la mafuta na umeme pamoja, usiguse nyaya za rangi ya machungwa, na usifanye hatua ya kutoa hewa kwa kubahatisha. Baadhi ya magari hayo yana pampu ya umeme yenye utaratibu wake wa kuwashwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha unapima hita

Hapa Mombasa kiyoyozi hakizimwi, na hilo peke yake limewapotosha wengi. Zima kiyoyozi. Weka kitufe cha joto mwisho wa nyekundu, feni katikati, hewa ielekee miguuni. Usiielekeze kwenye kioo cha mbele, maana kwenye magari mengi mkao huo huwasha kiyoyozi wenyewe.

Jambo la pili: hewa “baridi” ya hita mbovu hapa kwetu haitakutia kijibaridi. Mchana itatoka na nyuzi 30 hivi, kama hewa ya nje, na mtu anaweza kudhani hita inajikongoja. Haijikongoji, imekufa. Weka kipimajoto kwenye tundu la hewa. Hita nzima, injini ikiwa imepata joto, hutoa nyuzi 50 au zaidi, na mkono hauwezi kukaa karibu kwa raha.

Kama hakuna upepo kabisa, tatizo si hili tunaloshughulikia. Angalia fyuzi na feni ya ndani.

## Hatua ya 2: Tazama kulanti ndani ya rejeta yenyewe

Fanya asubuhi, gari likiwa limelala. Fungua kifuniko cha rejeta, umulike kwa tochi. Kulanti inatakiwa iwe imefika shingoni.

Nasema ndani ya rejeta, si kwenye tangi la akiba. Tangi linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina pengo, kwa sababu kifuniko kilichochoka hakivuti maji kurudi injini ikipoa. Wengi hutazama tangi, wakaona mstari uko sawa, wakafunga boneti. Hapo ndipo wanapopotea.

Kiwango kikiwa chini, umeshapata sababu ya hita baridi. Kwenye magari mengi rejeta ya hita imekaa juu, kwa hivyo maji yakipungua yenyewe ndiyo ya kwanza kukauka. Hita hukuambia kabla ya geji ya joto, na ndiyo sababu namshauri kila mwenye gari wa Pwani aijaribu walau mara moja kwa mwezi.

Ongeza kulanti, lakini usiishie hapo. Maji hayapotei bure. Gari langu mimi lilikuwa likipoteza kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na chini hapakuwa na tone. Nililala kifudifudi juu ya injini na tochi mdomoni ndipo nikaona: nyuma kabisa, chini ya klampu ya paipu ya hita, ukoko mwembamba wa waridi umejipanga kama chumvi iliyokaukia jiweni. Klampu ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya bahari, inashika upande mmoja tu. Kulanti ilikuwa ikivuja kwenye chuma chenye moto na kukauka kabla ya kudondoka. Klampu mpya ilimaliza kazi.

Kwa hivyo tafuta ukoko, usitafute dimbwi. Kagua ncha zote za paipu, pembe za rejeta, tundu dogo chini ya pampu ya maji, na zulia la miguuni, hasa upande wa abiria. Zulia likiwa na unyevu wenye harufu tamu, au kioo kikiota ukungu wenye mafuta ukiwasha hita, rejeta ndogo ya ndani imetoboka.

Utajua umefaulu ukiona kulanti shingoni asubuhi mbili mfululizo bila kuongeza.

## Hatua ya 3: Je, injini yenyewe inapata joto?

Washa injini, hita ikiwa imezimwa, uangalie geji. Ndani ya dakika 10 mpaka 15 sindano inatakiwa kufika mahali pake pa kawaida na kutulia. Magari ya siku hizi mengi hayana sindano, yana taa ya buluu inayozimika injini ikipata joto. Hiyo haikupi picha kamili. Kama kuna fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwombe akusomee joto la kulanti. Nyuzi 85 mpaka 100 ni hali ya kawaida kwa magari mengi.

Kisha liendeshe barabara isiyo na msongamano. Ukitoka Mariakani kuelekea Samburu kwa mwendo wa 80, sindano isishuke. Ikiwa mjini kwenye foleni inasimama katikati, na barabarani inateremka, thamostati imekwama wazi. Au haipo.

Hapa sina budi kusema wazi. Mafundi wengi hung’oa thamostati wakisema Pwani kuna joto, haihitajiki. Gari nililolinunua mkononi lilikuwa hivyo, na aliyeing’oa alikuwa ameziba kwa gundi ya gasketi vizuri sana mpaka nisingeshuku. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za theluji tu. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafika joto ililoundiwa, kisha ifungue njia ya rejeta. Bila hiyo injini hukaa baridi safari nzima, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta, oili haikauki unyevu, na hita haina cha kuazima. Kuna injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya mkato. Hizo ukiitoa, baadhi ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari unalotaka lipoe ndilo linalochemka.

Gari likichemka, tafuta kwa nini linachemka. Kung’oa thamostati ni kuficha ugonjwa.

## Hatua ya 4: Shika paipu mbili

Injini ikiwa imepata joto na inanguruma bila kukanyagwa, washa hita mpaka mwisho. Fungua boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi utaona paipu mbili za mpira zimekaa jirani, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Angalia mkono, nguo na mtandio visikaribie feni wala mikanda.

Gusa ya kwanza kwa upande wa nyuma wa vidole, haraka. Gusa ya pili. Sasa soma.

Zote zina moto karibu sawa. Kulanti inafika na inarudi. Tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye kilango au kebo yake. Nenda Hatua ya 8. Usinunue thamostati wala pampu.

Moja ina moto, nyingine ni vuguvugu au baridi. Maji yanaingia, hayatoki ipasavyo. Rejeta ndogo imeziba, au kuna hewa imekwama ndani yake. Kwenye magari ya zamani kuna valvu ya hita kwenye paipu, inayovutwa na kebo, angalia kama inasogea mtu akizungusha kitufe. Ikisogea, anza na Hatua ya 5, kisha ya 7.

Zote baridi, na geji iko kawaida. Kulanti haizunguki hapo kabisa. Ama hewa (Hatua ya 5), ama valvu imefungwa, ama pampu imechoka.

Zote vuguvugu, na geji iko chini. Ni thamostati. Hatua ya 6.

Kuna hali ya tano, na hapa Mombasa si nadra: hukuti paipu mbili, unakuta moja imepindishwa kutoka injini na kurudi injini. Rejeta ndogo ilitoboka siku moja, mtu akaunganisha paipu pamoja badala ya kuibadilisha. Hita hiyo haitafanya kazi hata ufanyeje mpaka rejeta hiyo ibadilishwe. Uliza kabla ya kurudisha paipu mahali pake, usije ukamwaga maji ya moto miguuni mwa abiria.

Angalia pia jambo moja dogo: hewa inapata joto ukikanyaga mafuta, inapoa ukiachia? Hiyo ni dalili ya kulanti pungufu, hewa iliyokwama, au pampu ambayo mapezi yake yameliwa na kutu.

## Hatua ya 5: Toa hewa iliyokwama

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa zaidi, na sababu ni haraka. Mtu amebadilisha rejeta au paipu, akajaza maji mpaka juu, akafunga, akaondoka. Hewa ikabaki imenaswa sehemu ya juu kabisa, yaani kwenye hita.

1. Injini ikiwa baridi, egesha gari pua ikiwa juu. Kijilima chochote kinatosha. Rejeta inatakiwa iwe mahali pa juu kuliko pengine pote, kwa sababu hewa hupanda.
2. Fungua kifuniko, simamisha faneli shingoni na uibane na kitambaa isivuje. Jaza kulanti mpaka nusu ya faneli.
3. Weka kitufe cha hita kwenye joto la juu kabisa. Gari lenye valvu likiwa kwenye baridi, njia ya hita imefungwa na utatoa hewa kila mahali isipokuwa unapopahitaji.
4. Kama gari lina skurubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka itoke kulanti bila mapovu, kisha ikaze. Magari ya Subaru mengi yanayo juu ya rejeta, na ukiiruka utahangaika siku nzima.
5. Washa injini, iache ingurume. Mapovu makubwa yatapanda, kiwango kitashuka, ongeza. Minya paipu kubwa ya juu kwa glavu mara kadhaa.
6. Ngoja thamostati ifunguke. Utaona kiwango kinashuka ghafla, na paipu ya chini ya rejeta inaanza kupata joto. Ongeza tena.
7. Ngoja feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Zima injini, iache ipoe kabisa, ongeza mpaka shingoni, funga.

Kazi nzima ni dakika 30 mpaka 45, bila kuhesabu kupoa. Utajua umefaulu mapovu yakiisha, paipu zote mbili za hita zikiwa na moto, na sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi ikitoweka.

Onyo. Mapovu madogo yasiyoisha hata baada ya saa nzima, mfululizo kama ya soda, si hewa iliyokwama. Ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na gasketi ya hedi, ile inayoziba juu ya silinda, imeshapasuka au iko njiani. Ukiona na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, usiwashe tena injini. Gari hilo livutwe mpaka kwa fundi.

## Hatua ya 6: Jaribu thamostati kwenye sufuria

Injini ikiwa baridi, kinga kulanti, fungua nyumba yake, itoe. Kwenye bamba lake kumechongwa nyuzi inazofungukia, aghlabu kati ya 78 na 92.

Ining’inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto polepole. Inapofika karibu na namba yake inatakiwa kuanza kufunguka, na izidi kufunguka maji yakizidi kupata joto. Ukiiepua ifunge, isibaki na mwanya. Iliyokuja wazi toka kwenye injini baridi haina haja ya kupimwa, itupe.

Ukirudisha, springi ielekee injini. Kama ina kipini kidogo kinachochezacheza, kiwe juu, hapo ndipo hewa inapopitia. Weka mpira mpya wa kuzibia, usitegemee gundi. Kisha rudia Hatua ya 5 yote.

## Hatua ya 7: Safisha rejeta ndogo

Fungua paipu zote mbili ukutani. Ziweke alama kwanza. Usivute kwa nguvu, kwani vile vikono vya rejeta ni laini na vikipinda au kuvunjika dashibodi lazima ishuke. Paipu iliyogandamana ikate kwa urefu na ununue mpya.

Unganisha mpira wa maji kwenye kikono cha kutokea, ili maji yaende kinyume na njia yake ya kawaida, yasukume uchafu kule ulikotoka. Fungulia bomba kidogo tu. Shinikizo kubwa hutoboa rejeta iliyochoka. Yatatoka maji ya hudhurungi na magamba. Geuza upande, rudia, mpaka yatoke meupe. Maliza kwa lita 2 za maji ya distili ili chumvi ya bomba isibaki.

Yakitoka kwa kudondoka hata baada ya kugeuza mara nne, rejeta hiyo imekwisha. Ukienda kununua, beba ya zamani au namba ya chesi. Nyingi zinafanana kwa macho na hazikai.

## Hatua ya 8: Kilango ndani ya dashibodi

Paipu zote zina moto na hewa ni baridi? Lala sakafuni mwa gari na tochi, mwenzako azungushe kitufe kutoka baridi hadi moto. Kwenye gari la kebo utaona mkono mdogo unasogea. Usiposogea, kebo imechomoka au imeganda. Hapa kwetu huganda sana, kwa sababu kitufe hakijatoka kwenye buluu miaka mitano. Usikilazimishe, kitavunjika. Tia oili nyepesi, kisogeze kwa mkono mbele na nyuma mpaka kilainike.

Kwenye gari la vitufe vya umeme kuna mota ndogo badala ya kebo. Sikiliza. Ukisikia tik-tik-tik kila ukibadilisha joto, meno yake ya plastiki yameisha, na mota yenyewe hubadilishwa. Kwa baadhi ya magari inafikiwa kwa kutoa kisanduku cha upande wa abiria, kwa hivyo fundi akikwambia lazima dashibodi yote ishuke, mwambie akuonyeshe kwanza mota iko wapi.

## Jaribio la mwisho

Endesha dakika 20, kiyoyozi kimezimwa, hita mwisho wa nyekundu, madirisha wazi usije ukaiva. Tundu la hewa lisome nyuzi 50 au zaidi, injini ikinguruma bila kukanyagwa na ikiwa mwendoni. Kesho yake asubuhi fungua kifuniko cha rejeta utazame shingo. Kabla ya safari ya bara, fanya hivyo tena, na ubadilishe kifuniko chenyewe kama mpira wake umekauka. Maji huchemka mapema ukipanda juu, karibu nyuzi 94 kwenye kimo cha Nairobi, na kifuniko ambacho Mombasa kilikuvumilia kinaweza kukuachia kwenye mlima wa kwanza.